Chiang Mai siku tano na mama: tule wapi?

Binti_Chumbageni

Wakuu salaam, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi hufuata mzigo Bangkok, nguo za pale Pratunam, mara mbili kwa mwaka. Safari hii ya Novemba nakwenda na mama yangu. Ana miaka 68, hajapanda ndege tangu aende Hija, na nimemwahidi kwamba nikishafunga mzigo tutapanda treni ya usiku hadi Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, tukapumzike. Tunafika Alhamisi asubuhi, tunaondoka Jumatatu jioni. Chumba tumepata karibu na geti la Tha Phae, lile la mashariki la mji wa kale.

Kinachoninyima usingizi ni chakula. Mama hali nguruwe, na hilo halina mjadala kwake: hata sufuria iliyopikiwa nguruwe ikaoshwa, haitaki. Tena ana vidonda vya tumbo, pilipili ikizidi analala na maumivu. Na siku asipopata wali anasema hajala.

Miaka miwili iliyopita nilifika huko peke yangu. Usiku wa kwanza niliingia mgahawa mmoja jirani na hoteli, nikasema kwa Kiingereza sitaki nguruwe. Mhudumu akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akaniletea wali wa kukaanga. Nimekula vijiko vitatu ndipo nikaona nyama ya kusaga chini ya yai. Nikauliza. Akasema ndiyo, nguruwe, kidogo tu. Nililipa nikatoka, na siku zilizobaki nilikula ndizi na mayai ya kuchemsha. Sitaki hilo limkute mama.

Mwenye kuujua mji anisaidie: tule wapi asubuhi, mchana na usiku, bei zikoje, na nitamke nini ili nieleweke.

Mzee_wa_Vito

Dada, mimi hupeleka mawe Bangkok, Chiang Mai nimelala mara tatu nne hivi. Usihangaike na vichochoro. Panda gari jekundu, sema Maya. Ni jengo la maduka pale Nimmanhaemin, ndani kuna ukumbi wa vyakula, kiyoyozi, viti vizuri, picha za vyakula zimebandikwa, unaonyesha kwa kidole tu. Mama agize samaki. Mimi ndivyo nilivyokula siku zote na sijaumwa tumbo.

Mpishi_wa_Forodhani

Marahaba mwanangu. Nimesoma habari ya ule wali wa kukaanga nikaumia, maana nami yalinifika. Niliishi Chiang Mai miezi kumi na minne, mume wangu alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha pale. Mimi ni mpishi, nimekaa jikoni tangu nina miaka kumi na tano, na wiki ile ya kwanza nilikaa na njaa katikati ya mji unaonukia chakula kila kona. Asubuhi wali mweupe na yai la Seven Eleven, jioni wali mweupe na yai la Seven Eleven.

Ijumaa ya kwanza tukaenda msikiti wa Ban Haw. Uko kwenye kichochoro kinachoitwa Charoen Prathet Soi 1, kati ya soko la Night Bazaar na mto Ping. Kutoka Tha Phae ni kama dakika ishirini kwa miguu. Kwa umri wa mama mpande songthaew, zile pikapu nyekundu zenye mabenchi nyuma, kwa safari za mjini huwa baht 30, pesa ya Kithai, kwa mtu. Basi, nilikuwa bado sijavuka barabara nikasikia harufu ya binzari na tui linalochemka. Nikasimama. Nilidhani ni kiu ya nyumbani inanichezea, kumbe ni sufuria ya kweli, ipo mlangoni, na mama mmoja mwenye mtandio anakoroga.

Chakula chenyewe ni khao soi. Nitakueleza kwa lugha yetu. Ni bakuli la mchuzi wa tui la nazi wenye binzari manjano, tangawizi, giligilani na iliki kubwa nyeusi. Ndani kuna tambi bapa za mayai, laini, na paja la kuku lililochemka mpaka linaachia mfupa, au nyama ya ng'ombe. Juu wanaweka tambi zilezile lakini zimekaangwa, zinavunjika mdomoni. Pembeni unapewa kisahani: ndimu, vitunguu vidogo vyekundu vilivyokatwa, mboga ya haradali iliyochachishwa, na pilipili iliyokaangwa kwenye mafuta. Unachanganya mwenyewe. Mtu wa Unguja akilionja bakuli hili atafikiria urojo papo hapo, si kwa ladha, kwa mpango wake: uchachu, ulaini na kile cha kuvunjika, vyote ndani ya kijiko kimoja. Na angalia vizuri, pilipili ile kali iko kwenye kisahani. Mchuzi wenyewe una ukali mdogo, mama aonje kwanza kijiko kimoja.

Sasa naomba ulishike hili, maana wengi wa dini yetu hufika Chiang Mai wakijiona ni watu wa kuombea chakula, wa kutafutiwa kona. Watu wa kichochoro kile ni Waislamu wenye asili ya Yunnan, kusini magharibi mwa China. Wazee wao walikuwa wachuuzi wa misafara, wakishuka milimani na nyumbu wa kubeba mizigo. Walipohamia wakajenga msikiti, zaidi ya miaka mia iliyopita, na husimuliwa kwamba khao soi ilifika na watu hao. Laos wana khao soi yao hadi leo, haina tui kabisa. Hii yenye nazi ndiyo ya Chiang Mai. Kwa hiyo bakuli ambalo watalii wote wanalifuata kule, ambalo liko kwenye kila tangazo la mji, jiko lake la zamani ni la halali. Mama yako hatakuwa anakula kilichobaki. Atakuwa anakula chakula cha mji wenyewe.

Mzee wa Vito amesema kweli kuhusu kiyoyozi, lakini kwenye ukumbi wa vyakula wok, karai lao la kukaangia, ni ileile, mwiko ni uleule. Kwa mtu mwenye msimamo wa mama hapafai. Samaki akikaangwa mafuta yaliyokwisha kukaanga nguruwe amekuwa samaki gani?

Ukiingia kichochoroni utaona duka linaloitwa Khao Soi Islam. Mimi nilianzia hapo. Bakuli ni baht 50 hadi 70, tuseme shilingi 4,000 hadi 5,500 za kwetu, inategemea kuku au ng'ombe. Na wana khao mok, ambayo ndiyo itakayomtuliza mama: wali wa manjano uliopikwa na kuku na viungo, vitunguu vya kukaanga juu, na bakuli dogo la supu kando. Iko kati ya pilau na biriani. Huja na mchuzi wa kijani wa minti, mtamu na mchachu. Mama auonje kwa ncha ya kijiko kwanza, mara nyingine huwa na pilipili.

Muda ndio wa kuzingatia kuliko jina la duka. Maduka yale hufungua asubuhi na hufunga jioni mapema. Watalii wengi huenda kichochoroni saa mbili usiku wakitoka Night Bazaar, wanakuta milango ya chuma imeshushwa, wanarudi wakisema hakuna kitu. Chiang Mai ni mji wa kula mchana. Fanyeni chakula kikubwa saa sita au saa saba, usiku mle kidogo.

Na Ijumaa! Mmepata bahati ya siku. Ijumaa alfajiri, mkabala na msikiti, kuna soko linaloingia asubuhi hiyo moja tu kwa wiki. Wanashuka watu wa milimani, Wayunnan, Washan kutoka upande wa Burma, wanauza parachichi, chai, mboga za kuchachisha, nyama ya ng'ombe iliyoanikwa ikaning'inizwa kama nguo. Tafuta mama anayeuza tofu ya Kishan. Usiogope jina, si soya. Ni unga wa dengu, ule tunaopikia bajia, umekorogwa kama uji mzito wa manjano, wanaumimina wa moto juu ya tambi za mchele. Mwambie asiweke pilipili. Kwa tumbo lenye vidonda sijaona kifungua kinywa kipole kuliko hicho. Fikeni saa moja asubuhi, saa tano wanakunja. Soko ni la mchanganyiko, si wauzaji wote ni Waislamu, kwa hiyo kwa vitu vya nyama uliza kwanza.

Baada ya hapo mama apumzike, arudi kwa swala ya Ijumaa, na mchana mle palepale.

Msafiri254

Asante kwa haya, nimejifunza. Mimi ni Mkristo wa Nakuru, nakula kila kitu, kwa hivyo nitaongezea kwa wale watakaosoma uzi huu na hawana masharti ya mama.

Nendeni Huen Phen, barabara ya Rachamankha, ndani ya mji wa kale. Mchana ni mahali pa kawaida, bei ya chini. Usiku wanafungua upande mwingine uliojaa vitu vya kale vya mbao na picha. Hapo ndipo nilikula gaeng hang le, mchuzi wa nyama ya nguruwe wenye tangawizi nyingi na ukwaju, asili yake ni Burma. Na sai ua, soseji yao yenye mchaichai na majani ya ndimu. Kaskazini wanakula wali wa kunata kwa mkono, unaumega, unaufinyanga, unachovya, vile tu tunafanya na ugali. Niliketi meza moja na familia ya hapo, baba yao akaona navyokula akanisogezea bakuli la nam prik num, pilipili za kijani zilizochomwa kisha zikatwangwa. Hatukuwa na lugha moja lakini tulikula pamoja hadi sahani zikaisha.

Jioni geti la kaskazini, Chang Phuak, kuna vibanda vingi. Kile cha mama anayevaa kofia ya wachunga ng'ombe wa Kimarekani kina foleni kila siku, anauza mguu wa nguruwe uliopikwa taratibu na wali na yai. Bei iko chini sana kwa kile unapata.

Dada, wewe na mama kibanda hicho mkipite. Lakini usiikwepe sehemu yote, matunda na sharubati za pale ni safi.

Binti_Chumbageni

Mama wa Forodhani, Mungu akuzidishie. Nimemsomea mama yote, ile ya soko la Ijumaa nimeirudia mara mbili.

Nimebaki na mawili. Usiku tutakula nini, kama kichochoro kinafungwa? Jumamosi na Jumapili tunataka kutembea yale masoko ya barabarani. Na maneno, nitamke vipi?

Mwana_wa_Nyegezi

Kwa usiku nina jibu, na ni la mtu wa Ziwa.

Kwenye masoko yao ya jioni utaona samaki wamepakwa chumvi nyeupe nene mwili mzima, wamepangwa juu ya mkaa, mdomoni wamesokomezwa bua la mchaichai. Wanaita pla pao. Mara nyingi samaki yule ni pla nin, na pla nin ni sato. Sato huyuhuyu wa kwetu! Mwaka 1965 Akihito, akiwa bado mwana wa mfalme wa Japani, alimpelekea Mfalme Bhumibol wa Thailand samaki 50 wa aina hiyo, wakafugwa kwenye mabwawa ya ikulu, wakagawiwa wafugaji, na leo wamejaa nchi nzima. Nilikuwa Chiang Mai kwa mafunzo ya ufugaji wa samaki ndipo nikaelezwa, na ilipobanduliwa ile ngozi yenye chumvi nikaona nyama nyeupe, nikajua niko nyumbani.

Chumvi ile haiingii ndani, inalinda tu unyevu. Ngozi unaibandua kama karatasi. Mama ale nyama ya ndani na wali, mchuzi wa pilipili aache. Samaki mzima ni kama baht 150 hadi 200, anawatosha wawili. Angalia tu jiko: kama mwenye samaki anachoma na mishikaki ya nguruwe kwenye waya mmoja, songa mbele kwa mwingine. Wapo wanaochoma samaki peke yake.

Mpishi_wa_Forodhani

Ahsante mwanangu wa Ziwa, hilo la Akihito nimelipokea leo.

Binti, pla pao huyo nakuunga mkono. Jumamosi soko liko barabara ya Wua Lai, kusini ya geti la Chiang Mai, mtaa wa wafua fedha. Jumapili liko Ratchadamnoen, linaanzia hapohapo Tha Phae mlipolala, linakatiza mji wa kale mpaka karibu na hekalu la Wat Phra Singh. Nendeni saa kumi na moja, kabla ya msongamano. Ikifika saa mbili watu wanasukumana, na mama hatapata pa kupumzika. Novemba kuna na sikukuu ya taa, Yi Peng. Ikiangukia siku zenu mji utafurika, kwa hiyo tiketi za treni kata mapema.

Humo barabarani tafuta mikokoteni ya roti. Wauzaji wengi wa roti ni Waislamu, utamwona kwa mtandio au kofia. Unga unarushwa hewani mpaka unakuwa mwembamba kama shela, unakunjwa na ndizi na yai, unakatwa vipande, juu maziwa mazito ya kopo. Mwambie asimwagie maziwa mengi.

Sasa maneno. Kule neno hubebwa na sauti, ukipandisha au ukishusha linakuwa kitu kingine, ndiyo maana ukisema mbio wanakubali tu kwa heshima. Yule mhudumu wako huenda hakukuelewa kabisa. Nilijifunza kusema polepole na kungoja mtu aniangalie machoni.

*Mai kin mu* ni sili nguruwe. *Mai sai mu* ni usitie nguruwe. *Mai phet* ni isiwe na pilipili. Wewe na mama mmalizie na *kha*, ndiyo adabu ya mwanamke. Neno halali wanalijua, ila wao hutamka *halan*, mwisho wa neno L kwao hugeuka N. Na *ahan itsalam* ni chakula cha Kiislamu. Nililokuja kuligundua baada ya miezi ni kwamba "sili nguruwe" haitoshi, maana mtu anaondoa vipande vya nyama anabakisha supu ya mifupa na mafuta. Ukisema *itsalam* anaelewa jambo zima, na mara nyingi atakwambia kwa huruma kwamba kwake hapana, atakuonyesha kwa mkono pa kwenda. Mimi nilionyeshwa njia hivyo na mabibi wasiokuwa wa dini yangu, mara nyingi sana, na mmoja aliacha genge lake akanisindikiza mpaka mlangoni.

Zaidi ya hayo, mwombe mtu wa mapokezi hotelini akuandikie kwa Kithai kwenye karatasi: Mwislamu, hali nguruwe, supu wala mafuta yake, tumbo linauma, hali pilipili. Mama aiweke kwenye mkoba wake mwenyewe, siyo wako, ili hata ukienda kununua kitu asibaki bila lugha. Na mezani angalieni alama ya halali yenye umbo la almasi na maandishi ya Kiarabu, huwekwa ukutani au kwenye pakiti.

Jumatatu mchana kabla ya treni rudini kichochoroni mnunue khao mok mbili za kufungiwa. Watafunga mchuzi wa kijani kwenye kifuko chake peke yake. Treni inachukua masaa zaidi ya kumi, na chakula cha humo ndani sikishauri kwa mama.

Binti_Chumbageni

Nimeandika kila kitu kwenye daftari la mzigo. Mama anakusalimu sana, na ana swali moja: wali wa nazi upo?

Mpishi_wa_Forodhani

Nami namsalimu, mwambie Bi Mkubwa shikamoo.

Wali wa nazi wa kulia mchuzi hapana, kule tui hutiwa kwenye mchuzi na kwenye vitu vitamu. Kuna wali wa kunata wenye tui na embe, lakini embe msimu wake ni Machi mpaka Juni, Novemba hatapata embe la kujivunia. Aliache.

Atafute khao lam. Hiyo ni ya miezi ya baridi, mtakuwa mmefika wakati wake. Ni mchele wa kunata, tui, chumvi kidogo na sukari, mara nyingine na maharagwe meusi, vinatiwa ndani ya kipande cha mwanzi, mdomo unazibwa, mwanzi unachomwa kwenye makaa mpaka wali uive ndani kwa ndani. Utaviona soko la Warorot, vimesimamishwa kwenye kikapu kama mafungu ya kuni. Muuzaji huwa amekwisha kuuchonga mwanzi ukawa mwembamba, unaubandua kwa mikono vipande vipande kama ganda la ndizi, na wali unatoka mzima umevaa utando mweupe wa mwanzi. Utando ule unaliwa. Kwa mama nunua ule wa mchele mweusi.